Kauboi wa Sib na Neno Lake Moja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, Mzee Thani bin Awadh anastaafu uchungaji mkuu wa ng'ombe wa shamba letu, nje kidogo ya Sib. Anashuka kwenye farasi kwa hiari yake. Kumshusha kwa nguvu hakuna aliyeweza.

Alianza kwa miguu. Kisha mwenye shamba akarudi kutoka Kanada, alikosomea mifugo, na picha za makauboi wa kule zamani: wanaume juu ya farasi wakiswaga ng'ombe nyikani, theluji mpaka magotini. Basi tena! Mzee Thani alizitazama asubuhi nzima, mchana akaomba farasi. Jike aliyepewa akamwita Theluji, kwa joto hili la Maskati. Kofia pana akaivaa juu ya kofia yake ya viua. Kamba ya tanzi akajifundisha mwenyewe, na windo lake la kwanza likawa Daktari Hisham, aliyekuja kuchanja ndama. Mpaka leo Hisham akiona kamba hukaa mbali.

Ng'ombe nao aliwafunza Kiswahili chake cha Unguja, na hapo nusura tuangamie. Kwake yeye "haya" ni ruhusa: nendeni zenu. Kwa Kiarabu, "hayya" ni njooni. Mwaka wa ile mvua kubwa wadi, yaani ule mto wetu mkavu, ilifurika na kundi zima lilikuwa bondeni. Sisi juu kilimani tukapiga kelele: hayya, hayya! Nao, kwa adabu kabisa, wakageuka wakaelekea majini. Mimi Muhsina wa ofisini nililia mbele za watu, wala sioni haya kusema.

Mzee Thani akaja mbio na Theluji, akatuamrisha tufunge midomo, akaingia majini akawazuia kwa mbele, kisha akatangulia kupanda akiwaita: njooni, wanangu. Wakamfuata wote. Hatukupoteza hata ndama mmoja, alhamdulillah. Alipofika juu alitugombeza kwa lugha zote mbili, halafu akaitisha kahawa.

Nafasi yake anaishika binti yake, Noof. Juzi Noof alipowaita, ng'ombe walimtazama baba kwanza. Akawageuzia mgongo, wakaenda kwa binti. Alifurahi na aliumia, yote mawili tuliyaona.

Mzee Thani, ahsante sana. Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi, na wajukuu watiifu kuliko ndama. Siku hiyo tutakusindikiza mpaka langoni, na sote tutakuambia lile neno lako. Lisikilize vizuri, babu: tutalisema kwa Kiarabu.