Yaway Batu na Mteremko wa Tapuy

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu wa Tapuy huku mlimani, nanyi majirani wa Daping kule bondeni, mimi ni Yumin, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Dada yetu Yaway Batu alizaliwa hapa Tapuy tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa Mzee Batu Nokan na Mama Ciwas, akasoma shule ya msingi hapa hapa, kisha mwaka 1967 akaenda shule ya kilimo na misitu ya Yilan, akahitimu mwaka 1970 na kuajiriwa katika kitalu cha miche cha serikali. Tarehe 12 Oktoba 1974 alifunga ndoa na marehemu Silan Hayung, wakajaliwa watoto wawili, Watan na Rimuy, na Rimuy yupo nasi hapa.

Watan alifariki tarehe 1 Agosti 1996, akiwa na miaka ishirini, siku ya kimbunga, mteremko ulipoporomoka ukaifukia nyumba aliyokuwamo, na sote tunajua kwa nini uliporomoka, sisi wa mlimani tuliwakodisha ardhi, ninyi wa bondeni mkakata miti mkapanda tangawizi, kisha pale pale msibani kila upande ukaunyoshea mwingine kidole, mpaka dada yetu, mama wa Watan, akasimama kando ya kaburi akasema, "Pole zenu nimezisikia, sasa nataka kila nyumba, ya juu na ya chini, itoe mtu na jembe, ule mteremko tuupande pamoja."

Watu wetu walimwuliza, "Wee Yaway, hao wa bondeni wamekulisha nini?" na Mzee Peng Te-hsing wa Daping, ambaye yuko hapa na hatakasirika nikimtaja, alisema, "Leo mama wa mlimani anatufundisha kushika jembe, kesho atatufundisha kula wali!" Hata hivyo Februari 1997 alikuja na watu wake, wakaleta miche ya mitung, ile miti ya maua meupe ambayo kwao ndiyo alama ya nyumbani, nasi tukaing'oa yote, maana babu zetu waliona kwamba palipopandwa mtung ardhi haikurudi tena mikononi mwetu. Dada yetu hakumgombeza mtu, aliwaeleza wao kosa lao, nasi akatueleza letu, akaagiza sisi tuwachimbie mitung mashimo kule chini, na wao wapande juu miti yetu ya iboh, ambayo mizizi yake hushika udongo na kuurutubisha, na tangu hapo kila Februari tulipanda, tukachinja nguruwe, tukagawana nyama mbichi nyumba kwa nyumba, naye akilikagua fungu la Daping lisije likawa mifupa mitupu.

Machi mwaka huu, wakati wa ukame, watu wa Daping walitandaza bomba hadi kwenye chemchemi yetu bila kuuliza, vijana wetu wakalikata, na hakuna aliyevuka tena daraja linalotuunganisha. Mwezi Juni dada aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa hospitali ya Hsinchu, na kila nilipoingia wodini hakutaja maumivu, aliniuliza tu, "Yumin, wameshakaa pamoja?" nami nikamjibu, "Bado, dada," hadi asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2021 alipofariki, na jibu lilikuwa bado ni hilo. Jambo hili linaniuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi matanga, wenzake wa kitaluni, na Mzee Peng, aliyempelekea machungwa kila wiki wala asiligusie bomba.

Ametuachia agizo moja, jeneza lake libebwe na watu wanane, wanne wa Tapuy na wanne wa Daping, majina hakuyataja, na njia ya makaburini ni nyembamba, itabidi mpatane hatua. Nimemaliza kusoma, lakini sitaketi mpaka wanane hao wasimame.

Pumzika, Yaway. Tumekuja wote, tumechelewa.