Kibanio cha Wiki ya Witiri

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha soseji pale Ljusdal, linatazama maegesho, na kila Jumapili kuanzia saa nne na nusu asubuhi, kanisa likiwa limeshaanza na sisi hatukwenda, utatukuta hapo na chupa zetu za kahawa. Kuna Nati, aliyekaza mashine za kiwanda cha mbao miaka thelathini na nane na mpaka leo anakaza kila anachokiona, hata kifuniko cha chupa ya mwenzake. Kuna Barafu, aliyekuwa dereva wa gari la kusukuma theluji. Alikaa mle ndani peke yake majira mengi ya baridi bila mtu wa kumjibu, na sasa anatulipizia sisi. Kuna mimi, wananiita Posta, na kazi niliyostaafu mmeshaijua. Na kuna Börje, ambaye tangu aachane na Gunvor tunamwita Shufwa. Nyumba waliiuza, sahani waligawana, watoto walishakuwa watu wazima, likabaki gari. Gari la mwaka themanini na sita, la mraba mraba kama kabati, na hakuna aliyekubali kuliacha. Basi wakakubaliana: wiki ambazo namba yake kwenye kalenda ni shufwa, ya pili, ya nne, ni za Börje, wiki za witiri ni za Gunvor, kama wenzao wanavyogawana watoto wadogo. Makabidhiano ni Jumapili saa sita mchana, hapo hapo mbele ya macho yetu.

Jumapili hiyo ya Aprili Börje aliegesha, akaja, akakaa, hakusalimia mtu. Chini ya gari likadondoka tone jekundu kwenye lami. Likafuata la pili.

Barafu: Shufwa, stelingi yako inavuja.

Börje: Naiona.

Nati: Jumapili iliyopita ulipolichukua kwa Gunvor lilikuwa kavu. Nililala chini nikaangalia mwenyewe.

Börje: Sasa si ndiyo hayo! Kila nikilipokea kwake, kavu. Kikopo cha oili ya stelingi kimejaa mpaka kwenye mstari. Kile kibanio kinachobana mpira wa kurudisha oili kimekazwa vizuri, kinang'aa. Nawauliza nyinyi watu wazima. Nani anakikaza?

Hapo tukajua asubuhi imepata kazi. Nati akafungua chupa yake ya kahawa, Barafu akafungua mfuko wa mikate ya iliki, na mimi nikasogea ili nisikose neno.

Sikilizeni kwanza, mtu asije akaona Börje ana wazimu. Uvujaji ule ulianza wenyewe, kwa haki kabisa, mwaka ule ule walioachana. Usukani ukawa mzito, Gunvor akapiga simu: Börje, njoo uniangalizie stelingi. Börje akaenda. Kazi ya robo saa, kahawa ya saa mbili. Miaka mitatu ikawa hivyo. Wiki ya witiri simu inalia, Börje anaoga, anavaa shati la bluu, anaweka bisibisi mfukoni na kuvuka daraja. Kisha Oktoba simu ikanyamaza. Gari likawa linarudi limeshatengenezwa.

Barafu: Ana mtu.

Börje: Usiseme hivyo.

Barafu: Mimi nimesema nini? Nimesema ana mtu. Sijasema ni mtu gani.

Nati: Subiri kwanza, tuanze na kazi yenyewe. Skrubu ya kibanio imeelekezwa wapi?

Börje: Juu.

Nati: Juu! Mnasikia? Huyo ni fundi. Mtu wa kubahatisha angeielekeza chini, anayefuata achubuke vidole. Huyu anamfikiria anayefuata.

Börje: Anayefuata ni mimi!

Nati: Basi anakufikiria wewe.

Uso wa Börje ukawa mwekundu kuliko ile oili. Mtu akichukua nafasi yako, unaomba angalau awe mtu mbaya. Nati hakuliona hilo, maana Nati huona chuma tu.

Börje: Nimepima kiti. Kila Jumapili napima kiti kwa rula. Hakijasogea nyuma hata sentimita moja.

Barafu: Kwa hiyo huyo bwana haendeshi.

Nati: Au ni mfupi kama Gunvor.

Barafu: Au amenyang'anywa leseni. Mfupi, mlevi, fundi hodari. Posta, wewe ulikuwa unafika kila mlango mji huu. Unamjua wa namna hiyo?

Mimi: Namjua mmoja, lakini alihamia Uhispania.

Börje: Na si hivyo tu. Nimekuta kitambaa, kimekunjwa mara nne, kimechomekwa pale pembeni ya betri. Mnajua ni kitambaa gani? Ni pazia letu la jikoni. Lile la vitone vya njano. Mimi ndiye niliyelitundika! Leo mtu mwingine anafutia mikono.

Suala la pazia lilitugusa wote, hata Nati.

Barafu: Sasa nimemjua. Ni kiongozi wa kwaya. Gunvor si anaimba Alhamisi? Yule kijana wa miaka hamsini na tano, mwenye skafu. Vidole virefu vile ni vya kuingia penye nafasi finyu.

Nati: Yule? Yule hawezi hata kufungua kiti cha kukunja. Nilimwona sikukuu ya katikati ya kiangazi, walimsaidia watoto.

Barafu: Basi ni Mnorwe.

Mimi: Mnorwe gani tena?

Barafu: Mnorwe yeyote. Wanavuka mpaka kununua nyama ya bei nafuu, wanaona mwanamke mzuri amesimama na gari bovu, wanajitolea. Ndivyo walivyo.

Börje: Toka Oktoba? Kila wiki ya pili aje kununua nyama Ljusdal?

Barafu: Ana friza kubwa.

Nati: Acha ujinga, Barafu. Kibanio kile hakihitaji Mnorwe.

Barafu: Haya. Nina jibu jingine, na Shufwa, shika kikombe chako vizuri. Mwaka jana msimu wa kuwinda kulungu wakubwa wa msituni, nani aliwapikia supu timu ya wawindaji ya upande wa pili wa mto?

Börje: Gunvor.

Barafu: Wako wangapi?

Börje: Saba.

Barafu: Basi hana mtu. Ana watu saba! Wanapokezana kwa zamu. Msimu unaanza Septemba, Oktoba simu inanyamaza. Hesabu mwenyewe.

Börje akaweka kikombe chini. Alikuwa anahesabu kweli, midomo ikimcheza. Nilimhurumia, halafu nikajishangaa, maana chini ya huruma kulikuwa na kitu kingine kinanichoma ambacho sikutaka kukitazama.

Börje: Na ule mwaka uliokuwa na wiki hamsini na tatu! Mnaukumbuka? Hamsini na tatu ni witiri, inayofuata ni ya kwanza, nayo witiri. Akakaa nalo wiki mbili mfululizo, Krismasi imepita, mwaka mpya umeingia, mimi natembea kwa miguu kwenye theluji. Nilikubali. Nilisema kalenda ni kalenda. Hivi ndivyo ninavyolipwa?

Nati: Wewe una kijiba cha roho na gari au na mwanamke?

Börje: Mimi sina wivu.

Barafu: Unapima kiti kwa rula, mzee.

Börje: Nafuatilia hali ya gari! Ukaguzi wa mwaka ni mwezi ujao. Wakiona oili inadondoka wanalirudisha.

Nati: Hapo sasa umesema. Mimi nitakwambia kitu kimoja kuhusu fundi wako. Ama ni mzuri kwa macho tu na hana mkono, ama anakikaza nusu makusudi, ili kazi isiishe. Maana kibanio kama kile nikikikaza mimi, hakilegei mpaka gari linakwenda kuyeyushwa. Chuma hakijui wiki.

Barafu: Kwa hiyo ni mjanja. Anakaza leo, kesho kutwa aitwe tena.

Börje: Mwovu huyo.

Akalisema kwa chuki ya kweli, akachukua mkate wa iliki. Ndipo nilipoona vidole vyake. Kwenye kucha ya gumba na ya shahada kulikuwa na wekundu wa oili, mbichi kabisa.

Wakati huo kulikuwa na mama mmoja amesimama ubavuni mwa benchi, na fimbo mbili zile za kutembelea mazoezi. Jina lake Disa, amehamia majira haya ya kuchipua kwenye ghorofa ya nyuma ya benki. Aliuliza kama pana nafasi. Barafu akasogea, akammiminia kahawa na kumwelezea kesi yote kuanzia kugawana sahani mpaka wawindaji saba, bila kupumua. Disa alisikiliza huku akipuliza kahawa yake.

Disa: Samahani, mimi ni mgeni, na magari siyajui. Gari likiwa kwa mama huyo linakazwa. Nimeelewa vizuri?

Nati: Umeelewa vizuri kabisa, dada.

Disa: Na kibanio hakilegei chenyewe.

Nati: Hakilegei.

Disa: Basi likiwa huku, nani anakilegeza?

Nati aliinua kichwa kama mtu aliyesikia mashine ikibadilisha sauti. Alimtazama Börje, akatazama matone kwenye lami, akamtazama Börje tena. Barafu akaufunga mfuko wa mikate. Börje alikuwa anachunguza chembe za sukari kwenye mkate wake.

— Shufwa, — Nati akasema taratibu. — Shufwa, wewe mwenyewe?

— Nilitaka apige simu tu, — Börje akasema.

Alisema kwa sauti ndogo mno. Nati akataka kumcheka, nikamkanyaga mguu.

Saa sita kasoro dakika tano Gunvor akatokea upande wa daraja, na koti lake la kijivu na kofia ya sufu. Akatusalimia wote kwa kichwa, Disa naye. Funguo zilikuwa juu ya tairi la mbele kama kawaida, lakini leo, tofauti na Jumapili nyingine, hakuanza na funguo. Aliinama, akatazama chini ya gari. Akafungua boneti. Akatoa bisibisi kwenye mfuko wa koti, akaingiza mkono bila kutafuta tafuta, kama mtu anayewasha taa ya chumbani kwake, akazungusha mara mbili. Akavuta kile kitambaa cha vitone vya njano, akafuta kibanio, akafuta vidole, akakikunja mara nne na kukirudisha pembeni ya betri. Kisha akatoa kichupa mkobani, akaongeza oili mpaka kwenye mstari.

Alipofunga boneti alimtazama Börje, sisi wengine kama hatupo.

— Börje, mizunguko miwili ni mingi. Wiki ile nyingine stelingi ilikuwa nzito kama jiwe, nikakosa kukata kona ya hospitali, nikapanda ukingo. Kuna watu wanaotembea pale.

— Samahani, — Börje akasema.

— Tangu Oktoba nangoja ukome.

— Nilidhani una mtu.

— Ninayo bisibisi. — Akafungua mlango, akakaa, akateremsha kioo. — Ukitaka kahawa, piga simu uombe kahawa. Namba ni ile ile.

Akawasha gari, akakata kona ya maegesho kwa kidole kimoja, akaenda zake. Kwenye lami yakabaki matone yale tu, hakuna jipya lililoongezeka.

Börje alilitazama gari mpaka likavuka daraja.

— Ile bisibisi ni yangu, — akasema. — Ya mpini wa mbao. Nilidhani nimeipoteza.

— Uliisahau jikoni kwake, mjinga wewe, — Nati akamwambia. — Piga simu.

— Lakini leo inaanza wiki yake.

— Simu hamkugawana!

Börje akatoa simu mfukoni, akaishika kwa mikono miwili, vidole vikiwa bado vyekundu. Barafu akainua chupa ya kahawa na kuikung'uta. Ilitoa nusu kikombe. Tulitazamana, akammiminia Börje yote, na hakuna aliyelalamika, ingawa Disa ndiye aliyekuwa mgeni na ilikuwa haki yake.

Kisha Börje akanyanyuka, akaenda kusimama kule mwisho wa maegesho, mgongo umetugeukia, simu sikioni. Barafu alikuwa ananong'ona kwamba yule kiongozi wa kwaya yeye bado hajamfuta kwenye orodha. Sikumsikiliza. Ile miezi yote Börje alikuwa anateseka kwa wivu, na mimi nilikuwa namchekea, kumbe alikuwa na mtu anayejua hata kibanio amekilegeza mizunguko mingapi. Mimi nimepeleka barua za mji mzima miaka thelathini na moja. Gari langu ni jipya, halivuji popote, na hakuna mtu anayeinama kulitazama chini. Nilimwonea wivu Börje, ndiyo, nasema wazi. Nikamwuliza Disa kama Jumapili ijayo atakuja, nikainamisha chupa yangu kwenye kikombe chake, ingawa ilikuwa tupu.