Mate ya Valentine Yasipimwe

Sogeeni wanangu, nawe mjukuu wangu Restuta zima simu, maneno haya sirudii. Protas, nimekiona kichupa ulichoficha kwenye koti. Unataka mdogo wako Valentine atemee mate humo, binti yako Restuta akayapime kazini kwake, ujue kama ni wa marehemu baba yenu au wa yule askari mvamizi aliyenikuta migombani mwaka wa vita, umnyime kibanja cha Bukoba, shamba letu la ukoo. Basi sikia.

Juzi Restuta akininywesha uji hapahapa wodini kanisimulia kazi yake. Wanapima mifupa ya Wamaya, watu wa mbali huko Amerika, waliovamiwa na Wahispania kwa panga na ndui, wakachomewa vitabu, wakabandikwa majina mapya. Nikamuuliza, "Wakaisha?" Akasema, "Wapo, Bibi. Damu ya walio kaburini ndiyo ya wanaolima mahindi kule leo." Nikambana, "Na ya mvamizi?" "Imo pia, kwa wengi." "Sasa hao ni Wahispania?" Akanicheka! "Bibi, wanasema Kimaya, wanajiita Wamaya, nani awabishie?"

Mnasikia? Mvamizi alipita, akaacha alichoacha, wenyewe wakabaki wenyewe. Nami nilirudi toka ukimbizini na tumbo, baba yenu alijua kuhesabu miezi kama mtu yeyote, akampakata mtoto mbele ya ukoo, akampa jina la babu yake. Kitanda hakizai haramu. Ni wa nani, mimi mwenyewe sijui, na sitaki kujua.

Protas, kitupe hicho kichupa. Usinikoholee, sijamaliza. Restuta, baba yako akikuletea mate ya mtu, mwambie kazini kwenu hampimi ugomvi. Valentine, futa machozi, una mvi wewe.

Nikifa msinizike kwenye baridi hii ya London. Nirudisheni kibanjani. Udongo wa kwanza autupe Valentine, ukoo wote uone, na kibanja mgawane sawa, mpaka mmoja, migomba pande zote. Atakayeleta maneno, kaburi langu limkatae.

Maji kidogo... Basi, yatosha. Mungu awafunike, mzae, mlime, mzikane. Protas, mwite mdogo wako. Mwite "ndugu yangu", nisikie mimi...

Sijasikia.

Kwa sauti, baba... bado nipo...

Eh. Hivyo.