Bi. Ruwaida Huka, Adui wa Mwanya Mweupe

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, Bi. Ruwaida Huka atazima mashine yake ya kuchapia ya ofseti kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili katika Matbaa ya Bondeni hapa Garsen. Alianza mwaka 1993 kwa kukunja karatasi na kufagia sakafu. Miaka minne baadaye alikuwa mwendeshaji mkuu wa mashine, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kugusa kopo lake la wino mweusi bila ruhusa.

Sisi wafanyakazi wenzake tunamjua kwa kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni mwake. Kazi ya kioo hicho ni moja, kusaka mwanya mweupe. Katika uchapaji kila rangi hupita peke yake, na karatasi zetu, mto ukifurika, hunywa unyevu zikatanuka. Rangi ya pili ikikosa mahali pake kwa unene wa unywele tu, weupe wa karatasi huchungulia katikati. Dawa yake alitufundisha sote: rangi nyepesi ipanuliwe kidogo iingie chini ya ile nzito, na nyeusi ichapwe juu ya rangi nyingine bila kuachiwa tundu jeupe chini yake. Aliwakemea pia wanaorundika rangi nne ili kupata weusi uliokolea kwenye herufi ndogo. Kadi za harusi moja zilichapwa hivyo akiwa likizoni Hola, wino ukakataa kukauka, na wageni waliketi kula pilau vidole vikiwa vyeusi.

Lakini siku tunayomkumbukia zaidi ni ya mwaka 2011. Kamati ya soko la mifugo ilituagiza karatasi kubwa za ukutani zenye alama za moto za wafugaji mia moja na ushee, ili ng'ombe akizozaniwa, watu watazame ukutani waamue. Kila alama ilikuwa nyeusi juu ya paja la ng'ombe wa kahawia. Mimi Enos, ninayeandika haya, ndiye niliyeitayarisha kazi hiyo kwenye kompyuta, na kwa uzembe wangu nikaacha tundu kwenye kahawia chini ya weusi. Karatasi mia tatu zilikuwa zimeshatoka, na gari la kamati limeegeshwa mlangoni, Bi. Ruwaida alipozima mashine.

Alikuwa ameiona alama ya mfugaji mmoja, Mzee Adan. Ni mstari mmoja, lakini pembeni mwake palitokea mwanya mweupe, na ukitazama kwa mbali unaona mistari miwili. Mistari miwili ni alama ya kina Huka, yaani ya kaka zake Bi. Ruwaida mwenyewe. Ng'ombe wa Mzee Adan wangezozaniwa, ukuta usingemtambua mwenye mali, na kaka zake Bi. Ruwaida wangepata cha kudai.

Meneja wetu, Bw. Abdinur, alisema hakuna mfugaji aendaye sokoni na kioo cha kukuzia, na asiyetaka kazi mlango uko wazi. Bi. Ruwaida aliketi juu ya rimu za karatasi, akafungua chupa yake ya chai, akanitazama mimi.

“Wewe Enos, hii karatasi inaiba ng'ombe ya watu.”

Niliona aibu sana. Nilirekebisha kazi, tukatengeneza bamba jipya la kuchapia rangi ya kahawia, na gari likaondoka kesho yake. Bw. Abdinur alinuna wiki nzima, kisha akatoa amri kwamba hakuna kazi ya rangi itakayotoka bila kupita chini ya kile kioo. Zile karatasi mia tatu tulizitumia kujaribia wino, kwa hiyo kwa miezi mingi nilikutana na kosa langu kila asubuhi.

Wiki iliyopita Mzee Adan, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, alifika matbaani na mtamba wa kahawia kuwa zawadi ya mstaafu wetu. Pajani ana mstari mmoja. Ukiongezwa wa pili, atakuwa wa kina Huka, na mzee ameomba Bi. Ruwaida autie mwenyewe siku ya kuagana, mbele yetu sote.

Ahsante, Bi. Ruwaida, kwa macho yako na kwa ukali wako. Tutakukosa kweli. Tunakuombea afya njema, maziwa tele na asubuhi zisizo na kelele za mashine. Ukiweka mstari wako kando ya ule wa Mzee Adan, safari hii mwanya uuache.