Bi. Batuli Ahmadi na Maji ya Lupando

Baada ya miaka thelathini na mbili ya kupima maji katika mikoa ya Mbeya na Iringa, Bi. Batuli Ahmadi anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Uongozi umeniomba niandike kitu cha kuchangamsha kwa ajili ya kijarida hiki cha hafla ya kumuaga. Nitajaribu.

Alizaliwa Kitanzini, Iringa mjini, binti wa fundi cherehani. Alipomaliza chuo aliletwa maabara yetu ya Mbeya, akakabidhiwa ziwa: kila mwezi ashuke Kyela kuchukua maji ya ufukwe wa Lupando, wanakooga watu wa mjini siku za sikukuu. Watoto wakimwona na kisanduku chake cha baridi walimkimbilia wakidhani anauza barafu. Mwishowe akawa anawanunulia kweli, na kuzibeba kwenye kisanduku kingine, maana sampuli hazichanganywi na kitu. Safarini hakunywa chai ya mgahawa wowote kabla ya kuuliza maji yametoka wapi. Tulimcheka sana.

Pasaka ya mwaka 2017 hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa imefurisha shimo la maji taka la nyumba ya wageni iliyo juu ya ufukwe, na uchafu ulikuwa unateremka ziwani. Majibu ya maabara yalitoka Ijumaa Kuu: vijidudu vya kinyesi vilikuwa vingi kupita kiasi. Batuli akaenda kusimika kibao cha "Msioge" kwa mikono yake. Jumamosi mkuu wetu wa wakati ule akaagiza king'olewe.

"Wageni wameshafika," alimwambia kwa simu. "Tutakirudisha Jumanne."

Jumapili Batuli alirudi Lupando, akaingia majini na baibui lake, akawa anawaomba watu watoke. Baba mmoja, Sosthenes, alimjia juu.

"Mama, tumetoka Mbeya na watoto, leo ndiyo siku yao. Kama ni kweli, mbona hakuna tangazo?"

Batuli hakuwa na cha kumwonyesha. Wachache walitoka. Wengi walibaki.

Wiki iliyofuata wodi zilijaa watoto wanaoharisha. Joyness, binti wa Sosthenes, alikuwa na miaka sita. Hakupona. Batuli alikwenda msibani, akakaa na akina mama, akamenya ndizi pamoja nao. Sosthenes akamfuata hukohuko jikoni.

"Ungenipiga hata kofi, mama," alisema. "Ungenipiga nikaondoka."

Walilia wote wawili mbele ya masufuria.

Ofisini iliundwa kamati. Ikaona kwamba Batuli alizua taharuki. Akahamishiwa Iringa, na sababu aliyopewa ni kwamba awe karibu na nyumbani. Aliyeagiza kibao king'olewe alipandishwa cheo. Leo ndiye mgeni rasmi wa hafla hii.

Huko Iringa hakulegea. Visima vya Kilolo alivifahamu kama majirani zake, na Ruaha Mbuyuni wakulima hawakumwacha aondoke bila vitunguu. Wapimaji vijana aliowafundisha wanamwita mama, na wanamwogopa kidogo. Lakini ukimtajia Lupando ana jibu moja tu: "Nilipima. Nilisema. Mtoto akafa." Kisha anaendelea kuosha chupa.

Tulimwomba azungumze leo, akakataa. "Nikisimama nitasema," alituambia, "na nyinyi bado mna ajira."

Kwa hiyo naandika mimi. Bi. Batuli, asante kwa kazi yako, na kwa kuingia majini siku ile wakati sisi tulikuwa majumbani tunakula sikukuu. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na usingizi mzuri. Nafasi yako ya kupima ufukwe haijajazwa tangu walipokuondoa. Pasaka iliyopita watu walioga Lupando kama kawaida, na humu ofisini hakuna anayejua walioga kwenye maji gani.