Kibao cha LINAUZWA kwenye Gari la Baba Anold

Wazee wetu shikamooni, Wakristo wenzangu Tumsifu Yesu Kristo, na majirani zetu Waislamu asalaam aleikum. Najua historia ya marehemu husomwa na mwanaume wa ukoo huku mjane amekaa ndani mkekani, lakini leo naisoma mimi mwenyewe, Apolonia, kwa sababu ile niliyoletewa jana iliruka mambo, hasa lile jambo lenye magurudumu manne.

Marehemu Egidius Lipangile alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 kijijini Mchombe, mtoto wa tatu wa mzee Kelestini na mama Paskazia, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1983, hakuchaguliwa kuendelea, akaenda Kiberege kujifunza ufundi wa magari, na mwaka 1991 akafungua gereji yake hapa Ifakara. Tulifunga ndoa Kiberege tarehe 9 Septemba 1995, tukajaliwa watoto watatu, Anold, Herieth na Dativa.

Mwaka 2009 alirudi kutoka Kiberege akivuta kwa trekta gari dogo la Kiingereza, Triumph la mwaka 1962, la viti viwili, lisilo na paa, alilopewa na mwenye mashine ya kukoboa mpunga baada ya kumfufulia mashine yake, nalo lilikuwa limeoza sakafu na kuku walitagia kwenye viti. Mtaa ulicheka, na shemeji yangu Alphonce ndiye aliyeanza, "Kaka, umeleta mtumbwi, makasia yako wapi?" Marehemu alichomelea sakafu kwa bati la pipa, injini akaifungua na kuifunga pamoja na Herieth, na paa nililishona mimi kwa cherehani yangu, kutoka kwenye turubai la kuanikia mpunga.

Lilipowaka mwaka 2020, likiwa limepakwa rangi ya kijani, hakuna aliyecheka tena, ghafla kila ndugu alikuwa na harusi. Hapo ndipo marehemu alipoandika kibao cha LINAUZWA akakiweka kwenye kioo cha mbele, na kila ndugu aliyekuja kuazima alijibiwa, "Nisamehe, lipo sokoni, mteja akikuta matope atalikataa." Wateja wa kweli nao walipokuja, mmoja aliambiwa ni mnene mno, mwingine mrefu mno, mwingine ana haraka. Wasio ndugu walilikodi kwa maharusi, na ndiyo ada ya Dativa chuoni hadi leo.

Kisukari kilimwanza mwaka 2019, figo zikafuata, akalazwa hospitalini hapa Ifakara Februari mwaka huu wa 2025, na akafariki Jumanne tarehe 4 Machi alfajiri, akiwa amemwagiza Herieth asisahau kuchaji betri.

Jana, mwenzangu akiwa bado mochwari, Alphonce alileta mteja kutoka Morogoro, akaniambia, "Shemeji, mwenyewe alishatangaza, sisi tunamalizia tu." Mgeni wetu amekaa pale mbele, karibu sana, chakula kipo, lakini kile kibao hakikuandikwa kwa ajili yako, kiliandikwa kwa ajili ya Alphonce. Siku nikiamua kuliuza nitaliuza mimi, na sitatumwa na kikao cha ukoo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kuchota maji, mafundi wenzake mliofunga gereji zenu leo, na Alphonce pia, kwa turubai hili tulilokaa chini yake.

Jeneza litabebwa na gari la parokia, nyuma yake litafuata hili la kijani, Herieth akiendesha, nami nikikaa kando yake, na viti ni viwili tu. Kibao nimekiondoa asubuhi, kimewashia moto wa chai mliyokunywa.

Pumzika kwa amani, Baba Anold, betri imejaa.