Lea Aombewe au Asiombewe

Kijiwe cha karibu na stendi ya Kiomboi kina benchi mbili, jiko la mkaa na birika la Luciana. Saa moja asubuhi wenyewe huwa wameshakaa: Godfrey, dereva mstaafu wa lori, wanayemwita Breki; Sostenes, fundi saa, anayeitwa Waziri kwa kuwa kila jambo ana mpango wa taifa; na Mzee Naftali, mzee wa kanisa, ambaye sauti yake ya ibadani imempa jina la Amina Kubwa. Alhamisi hiyo Luciana alikuwa na jambo lake. Binti yake Lea amechaguliwa polisi, Jumatatu anatakiwa chuoni, na ameapa kwamba bila kuombewa mbele ya kanisa hapandi basi. Orodha ya wasafiri wa kuombewa Jumapili ilikuwa mfukoni mwa Naftali. Jina la Lea halimo.

— Shikamoo, mzee. Nauliza tena, alisema Luciana akimmiminia kahawa.

— Marahaba, Mama Lea. Na mimi najibu tena. Mkristo hashiki silaha. Leo tumwombee, kesho ampige mtu risasi, damu hiyo kanisa litaiweka wapi?

— Mbona mwaka jana mlimwombea yule aliyekwenda kuuza baa Dodoma? Breki alichokoza.

— Alituambia ni hoteli!

— Basi Lea awe trafiki. Trafiki hana bunduki, na nguo zake nyeupe kama za malaika.

— Malaika huyo ndiye uliyemkwepa kwa kupita porini miaka ishirini, alisema Waziri. Sikilizeni. Nchi ipangwe. Jumapili kazi ya kukamata wezi wafanye polisi Waislamu, Ijumaa wafanye Wakristo.

— Na Jumamosi?

— Wasabato wapumzike, na wezi nao wapumzike. Haki sawa. Halafu jeshini, Wakristo wote wapelekwe bendi. Adui akija, anapigiwa tarumbeta mpaka arudi kwao.

— Likiwa tarumbeta la kwaya yenu, atarudi mbio! alisema Breki.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Luciana hakucheka. Lea ana miaka mitatu tangu amalize kidato cha nne, anauza vitunguu dirishani mwa mabasi. Hawa walikuwa na asubuhi nzima, yeye alikuwa na siku tatu.

— Mzee, binti yangu hajasema anataka kuua. Jirani yetu alipovunjwa mkono na mumewe, Lea ndiye aliyekimbilia kituoni. Alikuta askari wa kike, wakarudi naye. Tangu siku hiyo hana wimbo mwingine.

— Nia njema, Mama Lea. Silaha ndiyo tatizo.

Hapo akafika Melkizedeki, mlinzi wa kanisa, ametoka zamu, upinde begani na mishale mgongoni. Aliwaamkia wote, akakaa mwisho wa benchi, akauliza wanabishania nini.

— Amina Kubwa anasema Mkristo hashiki silaha, alisema Breki.

Melkizedeki aliutazama upinde wake. Akaushusha chini taratibu.

— Mzee Naftali, mishale hii ulininunulia wewe, nilinde alizeti ya sadaka. Sasa Jumapili nije kwenye meza ya Bwana, au nisije?

Hakuwa anadhihaki. Alitaka kujua. Luciana aliinamisha birika, yakadondoka mashapo matupu.

— Kahawa imeisha, alisema. Hakuna aliyeinuka.

Naftali alimgeukia mlinzi.

— Uje, Melki. Jibu sina, nitamuuliza mchungaji. Lakini uje.

— Na Lea? aliuliza Luciana.

Mzee alitoa karatasi na kalamu, akaikunjua karatasi juu ya goti.

— Jina la baba yake ni nani?

— Abraham.

Aliandika polepole, herufi kubwa kubwa.

— Mwambie akae mbele. Nitamwombea mwenyewe. Na nitaomba asije akaifyatua hiyo bunduki hata siku moja.

— Hapo tutaomba wote, alisema Luciana, akaanza kukusanya vikombe.